Usawiri wa Mhusika kwa Penseli na kwa Maneno: Mafunzo kutoka Darasa la Usanifu

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hutumia msamiati wa mchoraji kila siku pasipo kuushughulikia. Husema kwamba mwandishi amemsawiri mhusika, amemchora kwa ustadi, amejenga taswira yake, amempa sura ya utu au ya unyama. Lakini tukiulizwa ni mstari gani hasa uliochorwa, au mhusika huyo amesimama upande gani wa ukurasa, hatuna jibu. Kinachofuata katika insha zetu ni orodha: huyu ni mkarimu, ni mwoga, ana tamaa, kila sifa na mfano wake, kila mfano na ukurasa wake. Makala haya yanakusudia kuurejesha msamiati huo katika karakana ulikotoka. Yataeleza jinsi mwanafunzi wa usanifu anavyofunzwa kumbuni mhusika na kumpanga katika fremu, kisha yatauliza mafunzo hayo yanatufaa nini sisi tunaosoma riwaya, tamthilia na ngano. Mengi ya yatakayosemwa niliyapata kwa kuhudhuria, muhula mmoja, masomo ya wanafunzi wa usanifu wa michoro. Si wote waliofurahia kuwa na mtu wa fasihi aliyeuliza zaidi ya alivyochora.

Maneno yenyewe

Kitenzi 'sawiri' na nomino 'taswira' na 'sura' vina asili moja katika Kiarabu, nayo ni ile ya kutia umbo na kuchora. Kiswahili kimeongeza lake. Kwa kuwa hakizitofautishi sauti mbili za /s/ ambazo Kiarabu huzitenga, sura iliyo uso wa mtu na sura iliyo sehemu ya kitabu zimekuja kutamkwa na kuandikwa kwa namna moja. Sidai kwamba mgongano huo wa sauti una falsafa ndani yake. Hata hivyo, ni msaada mzuri kwa kumbukumbu: afunguaye sura mpya ya riwaya anatazama uso.

Neno 'mhusika' lina hadithi nyingine. Istilahi inayotumiwa na Waingereza kwa maana hiyo ilitoka kwa Wayunani wa kale, ambao kwao ilitaja chombo cha kuchorea alama, au chapa iliyopigwa juu ya sarafu. Kwa mtazamo huo, mtu wa hadithi ni alama iliyokwisha kuchongwa; ana kitu chake kinachomtambulisha hata akiwa peke yake jangwani. Mhusika wetu ametokana na kitenzi 'husika'. Ni yule ambaye jambo linamgusa. Ukimwondolea jambo na watu wengine wanaoguswa nalo, hana anachohusika nacho tena, na jina lenyewe linamwanguka. Naomba msomaji aishike tofauti hii, kwa sababu katika darasa la usanifu kumbuni mhusika ni somo moja na kupanga picha ni somo jingine, kila moja na wiki zake. Kwa Kiswahili ni vigumu kuyatenganisha hivyo.

Umbo kabla ya uso

Mtu asiyejua kuchora huanza na macho. Huchora jicho la kwanza kwa uangalifu mkubwa, kope zote, kisha hupata taabu ya kulitafutia mwenzake mahali. Mwanafunzi wa usanifu huzuiwa kabisa kufanya hivyo. Kwa siku kadhaa anaruhusiwa kuchora vichoro vidogo tu, vya ukubwa wa stempu mbili au tatu, na kila kimoja hujazwa wino mweusi mpaka kisibaki na macho, pua wala kifungo cha shati. Kinachobaki ni umbo lililo kama kivuli cha mtu ukutani. Vichoro hivyo hubandikwa ubaoni, na wanafunzi husimama mwisho wa chumba. Kama hawawezi kusema yule ni nani na anafanya nini, mhusika huyo harekebishwi. Anaachwa na kuanzwa upya.

Sababu ya zoezi hili ni ya kimatumizi. Jicho la mtazamaji hutambua mzingo kabla ya kutambua kilichomo ndani yake, na katika filamu ya uhuishaji kila picha hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini hata sisi tusioenda sinema tunaujua ukweli huu. Utingo aliyening'inia mlangoni mwa matatu, mkono mmoja juu ya paa, hahitaji uso ili ajulikane. Mama aliyeinama juu ya meza ya mboga, bawabu aliyejikunyata ndani ya koti lake usiku, mwalimu wa zamu langoni saa moja asubuhi: tunawatambua kwa mkao tungali mbali. Mtambaji wa ngano naye hufanya jambo lilo hilo kwa sauti. Fisi akisema kwa sauti nzito ya kukoroma na sungura kwa sauti nyembamba ya haraka, hadhira iliyokaa gizani haina haja ya kuambiwa ni nani anayesema sasa. Sauti ndiyo mzingo wa mhusika simulizi.

Umbo likishakubaliwa, mwanafunzi hutengeneza karatasi ya mhusika. Humchora kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, juu ya mistari ya ulalo inayohakikisha kwamba goti halipandi wala bega halishuki kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Kando yake hupanga nyuso za hasira, woga, aibu na furaha. Karatasi hii si pambo. Mhusika wa uhuishaji huchorwa na mikono mingi, na karatasi ndiyo mapatano baina ya mikono hiyo.

Nilijaribu zoezi la kivuli kwa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951. Humo Karama, akishtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mapendekezo mema, wakaadhibiwa. Sasa wachore kwa wino mweusi, wasimame ubaoni, tuone nani ni nani. Haiwezekani. Mwandishi hakuwapa maumbile yanayowatenga. Aliwapa majina yenye maana na njia za kupita. Mwanafunzi mmoja wa usanifu niliyemweleza kisa hiki alisema mara moja kwamba huo ni usanifu mbovu, akapendekeza mmoja awe mnene, mwingine kibeti, wa tatu mwenye kilemba kikubwa.

Nadhani pendekezo hilo lingekiua kitabu. Wajumbe sita wenye vivuli sita tofauti wangekuwa visa sita vya watu sita, na msomaji angeweza kusema kwamba pengine huyu alikuwa na kasoro yake na yule alikuwa na bahati mbaya. Wakiwa na kivuli kimoja kinachotoka mzima na kurudi kifungoni mara sita, lawama haina pa kwenda isipokuwa kwa nchi yenyewe. Zoezi liliposhindikana ndipo lilipoonyesha kitu. Wahakiki ambao wamewahi kulalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni majina yanayotembea wamesema kweli, ila wengi wao husimama hapo, pasipo kuuliza ni kazi gani inayofanywa na kufanana huko.

Bapa, duara na pembetatu

Tangu E. M. Forster alipotoa mihadhara yake kuhusu riwaya, iliyochapishwa mwaka 1927, wasomi wamegawa wahusika katika makundi mawili, nasi kwa Kiswahili tumeyaita bapa na duara. Wa kwanza amejengwa juu ya wazo moja. Wa pili anaweza kutushangaza na bado tukamsadiki. Mwanafunzi wa usanifu naye hufunzwa maumbo, lakini yake ni matatu, na hayana uhusiano na yale ya Forster. Mduara huashiria upole na utoto. Mraba huashiria uthabiti, na pia ukaidi. Pembetatu, hasa iliyosimama kwa ncha, huashiria hatari na wepesi. Kwa hiyo Mickey Mouse, ambaye watazamaji walimjua kupitia filamu fupi ya mwaka 1928, alijengwa karibu mwili mzima kwa miduara, kuanzia kichwa hadi yale masikio mawili. Ni duara kwa mchoraji na bapa kwa mhakiki. Anayefundisha mada hii darasani anaweza kuutumia mfano huo kuamsha waliolala.

Kanuni ya maumbo matatu ni rahisi, na urahisi wake ndio unaonitia wasiwasi. Kutoka kusema kwamba pembetatu ina hatari hadi kusema kwamba mwenye pua iliyochongoka ni mwovu ni hatua moja fupi, na ilikwisha kupigwa zamani. Kati ya miaka 1775 na 1778 Johann Kaspar Lavater, mchungaji wa Zürich, alichapisha vitabu vikubwa akidai kwamba tabia ya mtu inasomeka katika paji la uso, pua na kidevu chake. Vilisomwa Ulaya nzima. Katika katuni na filamu nyingi hadi leo, mwovu ana kovu, au kibyongo, au ngozi nyeusi kuliko ya shujaa. Hadithi zetu za watoto nazo hazijasalimika: mchawi lazima awe kikongwe mwenye jicho moja.

Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka kwa mchoraji mwenyewe. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa hadithi za picha, aliandika mwaka 1845 insha kuhusu kuchora nyuso. Aligundua kwamba uso wowote ukichorwa, hata na asiyejua kuchora, una hali fulani ya moyo, hauwezi kuikosa. Kisha akatenganisha alama za aina mbili. Ziko alama za kudumu, kama vile umbo la pua na paji, na ziko alama za kupita, kama vile nyusi zinapokunjwa au mdomo unapopindwa. Za kupita, alisema, zinaaminika, kwa kuwa zinaonyesha mtu anavyoona sasa hivi. Za kudumu, kila moja peke yake, haziwezi kutuambia akili wala wema wa mtu. Wahenga wetu walilijua hilo pasipo kuchora: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwandishi anayetaka tumchukie mhusika ana njia nyingi. Kumpa kengeza ndiyo ya kivivu kuliko zote, na mhakiki anayeiorodhesha kengeza hiyo chini ya 'mbinu za usawiri' pasipo neno la kuihoji hajafanya kazi yake.

Hapa petu pia pana mifano ya kutazamwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao laini; wanyama bapa kwa maana halisi ya neno, wasio na kina wala kivuli. Michoro ya mtindo wake ilikuja kuwa msingi wa mfululizo wa uhuishaji uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Wasanifu walipaswa kumfanya mnyama aliyechorwa ili atulie ukutani aweze kutembea na kusema, huku akibaki na ubapa wake. Mwaka huo huo jarida la katuni la Shujaaz lilianza kutolewa nchini Kenya kwa Sheng, na kijana wake Boyie akatambulika haraka miongoni mwa vijana. Kazi zote mbili zilihitaji watu wanaojua kuandika maneno ya wahusika. Ni ajabu kwamba katika idara nyingi za Kiswahili bado hatuihesabu ajira hiyo kuwa yetu.

Mpangilio

Tumfikie sasa mhusika aliyewekwa pamoja na wenzake. Leon Battista Alberti wa Italia aliandika mwaka 1435 kitabu kuhusu uchoraji, na humo akaeleza mpangilio kama ngazi: nyuso bapa huunda viungo, viungo huunda miili, na miili huunda tukio zima la picha. Mwaka 1971 mwanahistoria wa sanaa Michael Baxandall alionyesha kwamba ngazi hiyo Alberti aliiazima kwa walimu wa balagha, ambao walifundisha jinsi maneno yanavyounda virai, virai vikaunda vishazi, na vishazi vikaunda sentensi kamili. Kumbe wachoraji waliazima kwetu kabla sisi hatujaazima kwao.

Mshairi wa Kiswahili hashangai. Anaposema ukwapi na utao, mwandamo na ukingo, anataja mahali pa kipande cha mshororo kama vile mtu ataonyeshwa kiti chake sebuleni. Aliyewahi kuona miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anajua kwamba vipande vya ubeti hupangwa kwa safu, kutoka kulia kwenda kushoto, jicho likitelemka kwenye kina cha mwisho kama linavyotelemka kwenye nguzo. Mwanafunzi wa usanifu hufunzwa pia kanuni ya theluthi, iliyotajwa kitabuni na John Thomas Smith mwaka 1797, ya kutoweka jambo kuu katikati kabisa ya fremu. Ni kanuni ya kuanzia, na walimu wazuri huisahau mapema.

Lililo gumu ni kuchagua tukio. Gotthold Lessing, katika Laokoon ya mwaka 1766, alibainisha kwamba maneno hufuatana katika wakati ilhali maumbo hukaa pamoja katika nafasi. Kwa hiyo mchoraji ana dakika moja tu, naye achague ile inayotuwezesha kukisia iliyotangulia na inayofuata. Kilele chenyewe hakifai. Mbele yake mawazo ya mtazamaji hayana pa kwenda.

Tuchukue Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Ikibali ametumwa na mfalme Rajabu kwa Adili, liwali wa Janibu, naye usiku anachungulia na kumwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema, akiwacharaza manyani wawili. Baadaye itajulikana kwamba manyani hao ni ndugu zake Adili, Hasidi na Mwivu, na kwamba anatimiza amri ya Huria, jini. Kwa mwanafunzi anayeandika orodha ya sifa, tukio hili ni tatizo dogo: Adili ni mwadilifu, ila hapa anapiga. Kwa msanifu, ni tatizo la fremu moja yenye miili minne.

Mchoro wa kwanza unaomjia mtu ni Adili mkubwa katikati, mkono juu, manyani miguuni pake. Ukitazamwa kutoka chini, mkono huo unagusa ukingo wa juu wa picha na Adili anakuwa jabari. Mchoro huo hausemi uongo. Ndivyo Ikibali alivyoona. Lakini umemwondoa Ikibali mwenyewe, na kwa kumwondoa umeifanya shaka yake kuwa ukweli wa mwandishi. Mchoro wa pili unamweka Ikibali mbele, mgongo wake mweusi ukijaza theluthi ya fremu, na Adili kule ndani akiwa mdogo kama kidole katika mwanga wa chumba. Sasa nasi tunachungulia. Tunajua kwamba tunachokiona kimepita kwenye mwanya, na kwamba mwanya hukata. Hii ndiyo nafsi ya usimulizi tunayoifundisha kwa mihadhara miwili mizima, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu huielewa kwa kuhamisha mgongo mmoja kutoka kulia kwenda kushoto.

Mchoro wa tatu ulinichukua muda. Unahitaji dakika ile ambayo pigo limekwisha kutua na jingine halijaanza: mkono umeshuka, mjeledi umelala sakafuni, na mstari unaopita uti wa mgongo wa Adili umepinda kuelekea kwa hao anaowapiga. Kwa umbo-kivuli peke yake mtu angeweza kudhani anainama kuwainua. Manyani hawamkimbii. Nyuso zao, kwa zile alama za kupita za Töpffer, hazina hasira ya mnyama, zina aibu. Mahali pa Ikibali ni ule mstari mwembamba wa giza ukingoni. Hapa hakuna sifa hata moja ya Adili iliyotajwa, na mwili wake haukupewa wema wala ukatili. Uko katika umbali baina yake na hao wawili, umbali ambao ni mfupi mno kwa mtu na wanyama wake.

Mwalimu wa darasa lile aliutazama mchoro huo, na baada ya kusimuliwa kisa akauliza yuko wapi aliyeamuru. Huria hayumo chumbani usiku ule. Kumchora angani juu ya mlango, kama wafanyavyo wachoraji wa majalada, kungeifuta siri kabla Ikibali hajaipeleka kwa Rajabu. Kutomchora kabisa kunauacha mjeledi uwe wa Adili. Baada ya kujaribu mara kadhaa, tulilopata ni kuiacha wazi robo ya juu ya fremu upande wa kushoto, ukuta mtupu usio na dirisha wala taa, na kuyageuza macho ya Adili kidogo tu kuelekea huko, badala ya kuyaelekeza kwa wanyama walio mikononi mwake.

Jaribuni zoezi hilo na kitabu mnachokisoma muhula huu. Ukurasa mmoja, tukio moja, vichoro vitatu vya ukubwa wa stempu, na kando ya kila kimoja sentensi ya kueleza kwa nini kila mtu amewekwa alipowekwa. Ujuzi wa kuchora hautakiwi. Vijiti vyenye vichwa vinatosha, mradi viwe na mahali pa kusimama.